Simu Tatu Mbele ya Muuguzi wa Kilosa: Ipi Inunuliwe, na Je, Inapokea Laini Zote?

Mwanzoni mwa mwaka 2025 muuguzi wa zahanati moja wilayani Kilosa alivunja kioo cha simu yake kwa mara ya pili. Fundi wa Morogoro mjini akaifungua, akakuta maji yameshafika ndani, akamwambia asitupe pesa kuitengeneza. Akiba yake ilikuwa shilingi 480,000. Ni mpwa wangu, na katika ukoo wetu mambo ya simu huletwa kwangu, kwa hiyo ujumbe wa sauti ukanifikia jioni ile ile: "Shikamoo mjomba. Nina simu tatu za kuchagua na zote naziona nzuri. Nichukue ipi?"

Ya kwanza ilikuwa iPhone 13 ya kaka yake anayeishi Ohio, Marekani. Kazini kwake wamempa simu nyingine, hii imelala kabatini, na amesema anampa mdogo wake bure. Ya pili ilikuwa Samsung Galaxy A16 ya mkopo kutoka duka moja la Morogoro: kianzio shilingi 80,000, kisha shilingi 2,000 kila siku kwa mwaka mzima. Ya tatu ilikuwa Galaxy A16 ile ile, ila ya kulipia taslimu Kariakoo, kama 460,000 hivi.

Nakieleza kisa hiki kwa ruhusa yake, maana njia hizo tatu ndizo ambazo wengi wetu hupatia simu: ya ndugu aliye nje, ya marejesho, au ya kununua kwa pesa mkononi. Na katika zote tatu nimeona watu wakiuliza kamera ina megapikseli ngapi na GB ngapi, wakaliacha swali ambalo kwangu ndilo la kwanza: simu hii ikishaingia mkononi mwangu, ni nani mwingine bado ana mamlaka ya kuizuia isifanye kazi?

Kabla ya kugusa simu yoyote nilimuuliza anaitumia kwa nini. Anapiga picha fomu na madaftari ya dawa, anazituma kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Anapokea na kutuma pesa kwa M-Pesa, kwa hiyo laini ya Vodacom haimtoki. Kijijini anakofanyia kliniki za mkoba, mnara unaoshika vizuri ni wa Halotel, mtandao ulioanza huduma nchini mwaka 2015 na kujijenga sana vijijini, kwa hiyo laini ya pili ni hiyo. Umeme hukatika, hivyo betri lazima imalize zamu ya usiku. Michezo hachezi. Anataka simu ikae miaka minne au mitano, kwa sababu hana mpango wa kununua nyingine karibuni.

Zingatia laini mbili. Mmarekani wa kawaida ana mtandao mmoja anaoulipia kila mwezi, na simu iliyofungwa kwenye mtandao huo anaweza kuishi nayo miaka bila kujua kwamba imefungwa. Kwetu mtu ana laini ya pesa, laini ya bando la bei nafuu, na pengine laini ya kijijini. Tangu Machi 2017 Mtanzania anaweza hata kuhama mtandao na namba yake ile ile. Haki hiyo haina maana yoyote ikiwa simu yenyewe inakataa laini ya mtandao unaohamia.

Sasa ile ya Ohio. Hapa ndipo palipokuwa na kazi.

Kila laini ya simu hubeba ndani yake namba ya utambulisho, na tarakimu za mwanzo za namba hiyo husema laini imetoka nchi gani na mtandao gani. Tanzania ni 640, na Vodacom ya hapa ni 640-04. Marekani hutumia 310 na nyingine za jirani yake: T-Mobile ni 310-260, AT&T ni 310-410. Simu iliyofungwa laini imeamriwa isome tarakimu hizo kila inapowashwa, na ikikuta si za kampuni iliyoiuza, inakataa kujiunga na mnara. Haijaharibika. Inawaka, inashika Wi-Fi, inapiga picha nzuri, ila kama simu ya kupiga na kutuma pesa haikusaidii.

Kwa simu nyingi za zamani, kufungua lilikuwa suala la kuingiza tarakimu fulani za siri, na mafundi wengi wa mjini walijua pa kuzipata. iPhone haifuati njia hiyo. Kumbukumbu ya kama imefungwa au la haipo kwenye simu tu, ipo kwenye kompyuta za Apple, na anayeweza kuiomba Apple ibadilishe ni kampuni ya simu iliyoiuza. Kwa hiyo anayekwambia "lete iPhone yako nikufungulie laini kwa elfu hamsini" mara nyingi anazungumzia kile kichipu chembamba kinachowekwa chini ya laini ili kuidanganya simu. Kichipu hufanya kazi leo, kesho simu inajisasisha au unairudisha upya, na laini inapotea. Wauzaji waaminifu wa Kariakoo huzitaja wazi kwamba ni iPhone za chipu na huziuza kwa bei ya chini. Wasio waaminifu hunyamaza. Na kuanzia iPhone 14, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani hazina kabisa tundu la kuwekea laini ya plastiki, zinatumia eSIM peke yake, yaani laini iliyo ndani ya simu yenyewe, kwa hiyo hata hicho kichipu hakina pa kukaa.

Nikamwomba kaka mtu afungue mipangilio ya iPhone, aingie sehemu ya jumla, kisha sehemu inayoeleza habari za simu, ashuke mpaka kwenye mstari unaotaja kufungwa kwa mtandao. Simu iliyo huru huandika hapo "No SIM restrictions". Yake haikuandika hivyo. Imefungwa.

"Lakini mjomba," akaniambia kwenye simu, "mbona mimi nilipewa hii bure? Sidaiwi na mtu."

Nilimwomba afungue akaunti yake ya kampuni ya simu iliyompa tuangalie pamoja, na hesabu ilikuwa hivi. Alipoichukua mwanzoni mwa 2023, alirudisha simu yake ya zamani na kusaini mkataba wa miezi 36. Bei ya iPhone iligawanywa kwa miezi hiyo, karibu dola 20 kila mwezi, na kila mwezi kampuni inamrudishia kiasi hicho hicho kwenye bili. Kwa macho ya mteja ni bure. Kwa vitabu vya kampuni ni deni linalofutwa kidogo kidogo, na miezi 12 ilikuwa bado. Akitaka simu ifunguliwe leo, lazima alipe dola 240 zilizobaki zote mara moja, na kwa masharti ya mkataba wake akishalipa mapema yale marejesho ya bili yanakoma. Dola 240 wakati ule zilikuwa kama shilingi laki sita. Yaani simu ya bure ingegharimu familia kuliko Galaxy mpya ya Kariakoo yenye boksi na risiti.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa ndugu zetu walioko Marekani walielewe vizuri kabla ya kuahidi simu nyumbani. Kila kampuni ina masharti yake, nayo hubadilika, lakini mwelekeo ni mmoja: deni liishe kwanza, na simu iwe imetumika kwenye mtandao wao kwa muda fulani. AT&T imekuwa ikitaka siku 60 kwa mteja wa mkataba, T-Mobile siku 40, na kwa laini za kulipia kabla muda huwa mrefu zaidi, kwa T-Mobile mwaka mzima. Verizon ilikuwa tofauti kwa miaka mingi: ilifungua yenyewe baada ya siku 60, kwa sababu ilipopata masafa kwenye mnada wa 2008 ilikubali masharti ya serikali yaliyohusu jambo hilo. Ndiyo maana zile simu za bei chee za laini ya kulipia kabla, ambazo mtu huziona dukani Ohio kwa dola 50 akadhani ameokota, ndizo hatari zaidi kuzituma. Bei ile ipo chini kwa sababu kampuni inategemea utabaki nayo.

Wamarekani wenyewe wamepigania hili. Januari 2013 ilifika mahali kufungua simu yako bila ruhusa ya kampuni kukawa kinyume cha sheria ya hakimiliki, watu wakasaini malalamiko kwa wingi, na Agosti 2014 Rais Obama akatia saini sheria iliyorudisha haki hiyo. Lakini sheria ile ilimruhusu mteja kufungua, haikuizuia kampuni kufunga. Uingereza walikwenda mbali zaidi: tangu Desemba 2021 makampuni ya simu hayaruhusiwi kuuza simu iliyofungwa. Kanada nao walipiga marufuku ada za kufungulia, na simu mpya kuuzwa zikiwa zimefungwa, tangu Desemba 2017. Kwa hiyo simu mpya aliyonunua shangazi yako Birmingham au Toronto si sawa na aliyonunua binamu yako Columbus, hata kama ni modeli moja na rangi moja.

Kaka mtu akaja na wazo jingine, na najua si yeye peke yake aliyewahi kulifikiria: aitume simu hivyo hivyo, kisha huko aachane na ile kampuni, "kwani watanifuata Kilosa?" Hawatamfuata Kilosa. Watamwandikia deni kwenye rekodi yake ya mikopo huko huko anakotaka siku moja kukopa nyumba, wataweka IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, kwenye orodha nyeusi ya simu zilizozuiwa, na simu yenye deni hawatakubali kuifungua. Mdogo wake atakuwa ameshika kamera nzuri isiyopiga simu. Nilimwambia hivyo bila kuzungusha maneno, naye akaelewa.

Kuna jambo la masafa pia, ambalo kwa iPhone 13 halikuwa tatizo ila kwa simu nyingine za Marekani ni tatizo kubwa. Minara ya 4G hurusha kwenye masafa mbalimbali, na yale ya chini ndiyo yanayofika mbali na kupenya kuta, kwa hiyo vijijini ndiyo tegemeo. TCRA, mamlaka ya mawasiliano hapa nchini, ilipiga mnada masafa ya 700 MHz mwaka 2018. Marekani nao wana 700 MHz. Ukisikia hivyo utadhani ni kitu kimoja, kumbe mpangilio ni tofauti kabisa: Marekani wameyakata vipande vinavyoitwa bendi 12, 13 na 17, huku kwetu inatumika bendi 28. iPhone za miaka ya karibuni hubeba karibu bendi zote, yake ikiwemo. Simu za Android za bei nafuu zilizotengenezwa kwa ajili ya makampuni ya Marekani mara nyingi hazina bendi 28, wala bendi 20 ambayo pia hutumika Afrika Mashariki. Hata ikifunguliwa laini, simu ya namna hiyo ikifika Kilosa itashuka kwenye 3G au 2G na mwenye nayo atalaumu mtandao. Kabla ya kukubali simu yoyote ya nje, tafuta namba kamili ya modeli, siyo jina la biashara, kisha soma bendi zake.

iPhone ya Ohio tukaiweka pembeni. Hatukuifuta, nitarudi kwake.

Simu ya mkopo niliitazama kwa makini kuliko mpwa wangu alivyotarajia, kwa sababu siamini kwamba mikopo ya simu ni wizi. Kenya, Safaricom na Google walipoanza Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, mtu aliweza kuchukua simu ya 4G na kulipa shilingi 20 za Kenya kwa siku, na wapo watu wengi wasingewahi kushika simu janja bila mpango wa aina hiyo. Dereva wa bodaboda anayepata pesa kila siku na hawezi kukusanya laki nne mahali pamoja, mkopo wa siku kwa siku unalingana na mapato yake. Simu inaweza hata kumwingizia pesa ya kuilipia.

Lakini hesabu lazima ifanywe kwa jumla. Shilingi 2,000 kwa siku 365 ni 730,000. Ongeza kianzio 80,000, inakuwa 810,000. Simu ile ile kwa taslimu ni 460,000. Tofauti ni 350,000, karibu robo tatu ya bei ya simu imeongezeka juu ya bei yenyewe. Muuzaji wa mkopo hukutajia siku, hakutajii mwaka. Mpwa wangu alikuwa ameambiwa "elfu mbili tu, dada, hata soda inazidi," na hakuwa ameizidisha.

Juu ya bei, kuna kufuli. Siyo kufuli la mtandao kama la Ohio, maana simu hizi nyingi hupokea laini zote. Ni kufuli la malipo. Samsung wana huduma yao inayoitwa Knox Guard, na Google wana programu yao ya kufunga simu zinazouzwa kwa mkopo. Simu inasajiliwa kwa IMEI yake kabla hujaichukua dukani. Siku ikipita bila malipo, kioo kinafunikwa na ujumbe wa kampuni na kinachobaki ni namba ya kulipia na simu za dharura. Kuirudisha upya kama ilivyotoka kiwandani hakusaidii, kwa sababu inapounganishwa tu na intaneti inauliza kwa kampuni iliyoisajili na kuambiwa ifunge tena. Sasa mfikirie muuguzi aliye zamu ya usiku, mshahara umechelewa kidogo, na saa sita usiku simu inafunga wakati gari la wagonjwa linatakiwa kuitwa na pesa ya mafuta ipo kwenye M-Pesa. Kwa mtu ambaye hana pesa mkononi, hatari hiyo anaweza kuipima na kuikubali. Kwa mtu mwenye 480,000 tayari, kulipa 350,000 zaidi ili mwingine apate uwezo wa kumfungia simu, sikuona sababu hata moja.

Kama ungekuwa upande wa yule asiye na taslimu, ningekushauri upate majibu manne kwa maandishi kabla ya kutoa kianzio: jumla yote ni kiasi gani, ukichelewa siku moja nini kinatokea, ukilipa mapema unapunguziwa au la, na siku ukimaliza ni nani anayeondoa kufuli na unapewa uthibitisho gani. Hilo la mwisho watu hulisahau. Mtu anamaliza kulipa, anafurahi, anakuja kuiuza simu mwaka unaofuata, mnunuzi anairudisha upya, na jina la kampuni ya mkopo linatokea kwenye kioo kwa sababu hakuna aliyekwenda kuifuta kwenye usajili.

Na kwa wanaonunua mitumba, hapa ndipo pa kuogopa kuliko penginepo. Simu za mkopo zilizokimbiwa na wenyewe huingia sokoni zikiwa "zimetolewa lock" na fundi. Zinaonekana safi, bei yake inavutia, wiki inapita. Kisha siku moja inafunga. Aliyeuza umeshamsahau sura, na kampuni ya mkopo haina mkataba na wewe.

Ikabaki Kariakoo. Kuhusu chapa sikuhitaji muda mrefu. Kwa bei ile ile angepata Tecno au Infinix yenye kumbukumbu kubwa zaidi na chaji ya haraka zaidi, na vipuri vyake vinapatikana kila kona. Kwa mtu anayebadilisha simu kila baada ya miaka miwili ningeweza kusema achukue hiyo. Lakini yeye anataka miaka mitano, na Samsung waliitoa A16 mwishoni mwa 2024 wakiahidi masasisho ya usalama kwa miaka sita. Kwa simu ya daraja hilo la bei, ahadi hiyo ni kubwa. Betri ni mAh 5,000, kumbukumbu ni GB 128, laini mbili za plastiki zinaingia. Nafahamu wanaosema masasisho hayana maana kwa mtu wa kawaida. Mwezi Mei 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone 6, simu ambayo vioo na betri zake bado zilikuwa nzima mikononi mwa watu. Simu hufa kwa namna hiyo pia.

Tulikwenda wote Mtaa wa Aggrey asubuhi, kabla msongamano haujawa mkubwa. Muuzaji wa kwanza alikuwa kijana mchangamfu, akaweka boksi mezani. "Laini zote hiyo, dada yangu, weka hata ya Malawi." Bei yake ilikuwa 425,000, chini kuliko tulivyotarajia. Nikaligeuza boksi. Kwenye kibandiko kulikuwa na maandishi madogo kwamba simu ifunguliwe kwanza kwa laini ya eneo fulani la dunia, na eneo hilo halikuwa Afrika.

Hili wengi hawalijui. Tangu mwaka 2013, ilipotoka Galaxy Note 3, Samsung imekuwa ikifunga baadhi ya simu zake kimaeneo. Simu mpya iliyokusudiwa soko la Ulaya, kwa mfano, hutaka kwanza iwekewe laini ya huko na kupigiwa simu za jumla ya dakika kama tano hivi. Baada ya hapo hufunguka na kupokea laini za popote. Wauzaji wengine huifungua na kumaliza kazi hiyo kabla ya kuileta, wengine huileta na boksi lake likiwa limebanwa bado. Kijana wa dukani pengine mwenyewe hakujua. Tukamshukuru, tukaenda duka la tatu kutoka pale, ambako boksi lilionyesha soko la Afrika na bei ilikuwa 455,000.

Pale tuliomba kuifungua na kuijaribu kabla ya kulipa. Muuzaji akisita kwa hilo, ondoka, Kariakoo ina maduka mengi. Tuliweka laini ya Vodacom na ya Halotel kwa pamoja. Tulipiga kutoka kila moja, siyo kungoja tu jina la mtandao litokee juu ya kioo, kisha tukazima Wi-Fi ya duka na kufungua intaneti kwa bando lake mwenyewe, kwanza kwa laini moja, halafu kwa nyingine. Tulibonyeza *#06#, zikatokea IMEI mbili, moja kwa kila tundu la laini, na zote zikalingana na zile za kwenye boksi. Tukazituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya TCRA ya kuhakiki, na majibu yakaja yakiitaja modeli ile ile iliyokuwa mkononi. Uhakiki huo usiudharau. Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchi nzima kwa kufuata IMEI, na watu waliokuwa wamelipa pesa halali madukani walibaki na vipande vya plastiki.

Mwisho tuliingia kwenye mipangilio kuangalia kama kuna programu yoyote ya usimamizi wa simu yenye jina la kampuni ya mikopo, na kama simu inadai akaunti ya Google ya mtu mwingine inapowashwa mara ya kwanza. Haikudai. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ikatoka ikiwa na bei kamili, na IMEI tukaomba iandikwe juu yake kwa kalamu na kupigwa muhuri wa duka, kwa sababu waranti ya mwaka bila IMEI kwenye karatasi ni maneno matupu siku ya kugombana. Kwa shilingi 25,000 zilizobaki akanunua kava nene na kioo cha kinga. Muuguzi aliyevunja kioo mara mbili hana sababu ya kubishana na hilo.

Kuhusu iPhone ya Ohio, kaka mtu ameamua kuendelea na mkataba mpaka mwanzoni mwa 2026, miezi 12 iliyobaki iishe na deni lifutike lenyewe kwa marejesho ya bili, bila kutoa hata dola moja ya ziada. Mimi naona ni uamuzi sahihi, na simu akishaileta itakuwa ya mama yao. Nilimwandikia utaratibu wa kufuata, na nimemsihi aukamilishe wote akiwa bado Ohio, maana kubishana na huduma kwa wateja ya Marekani ukiwa Morogoro, bila namba yako ya huko kuwa hewani, ni mateso.

Deni likishasoma sifuri, aombe kufunguliwa kupitia akaunti yake, asubiri barua pepe ya kukubaliwa, kisha aunganishe simu na Wi-Fi na aangalie tena ule mstari mpaka uandike "No SIM restrictions". Asiridhike na barua pepe peke yake. Aweke laini ya mtandao mwingine, hata ya kuazima kwa rafiki, apige nayo simu. Halafu atoke kabisa kwenye akaunti yake ya iCloud na kuzima huduma ya kutafuta simu iliyopotea, kabla ya kufuta kila kitu. Kufuli hilo la akaunti halihusiani na kampuni ya simu hata kidogo: simu inaweza kuwa imefunguliwa laini zote za dunia na bado ikamdai mama nenosiri la mwanawe kila inapowashwa upya. Mama anatumia laini mbili pia, na iPhone 13 ya Marekani ina tundu moja la plastiki na nafasi ya eSIM, kwa hiyo mpwa wangu ameshapewa kazi ya kupita ofisi ya mtandao mapema na kitambulisho cha mama cha NIDA, aulize kama laini ile ya zamani inaweza kuhamishiwa kwenye eSIM bila kubadilika namba.

Jibu la ofisi ndilo litakaloamua kama mama atahamia iPhone moja kwa moja, au atabaki na kitochi chake pembeni kwa ajili ya laini ya pili.